Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Ini Asinyimwe Chakula

Hii ni hotuba niliyoitoa Tudor mbele ya wafugaji wa mbwa na mabawabu kutoka mitaa mbalimbali ya Mombasa. Wengi walizuiwa na mvua, wengine walikuwa zamu. Naiweka yote hapa kwa ajili yao.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, hamjambo? Na nyinyi mabawabu mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, hata nyumbani hamjapita, nawashukuru kipekee. Mwenye mbwa ndiye anayemlipa daktari, lakini anayeshika mwiko ni nani? Anayejua kama mbwa amemaliza sahani au ameibakisha ni nani? Ni nyinyi. Kwa hiyo mengi ya leo nayasema nikiwatazama nyinyi.

Nianze na swali. Mbwa akiambiwa ana ugonjwa wa ini, watu hufanya nini kwanza? Humnyima. Humnyima nyama, humnyima mayai, humnyima mafuta, wakambakishia uji mwepesi asubuhi na jioni. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ini lipumzike. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, najua. Lakini mbwa wengi niliowatibu hapa pwani walidhoofishwa na njaa kabla ya kudhoofishwa na ini. Nimekuja kuwaomba jambo moja tu: mbadilishieni chakula, msimnyime.

Ini katika mwili wa mbwa ni kama bandari ya Kilindini. Karibu kila kinachofyonzwa na matumbo hufikia pale kwanza, kikapokewa, kikakaguliwa, kikagawanywa, na chenye madhara kikazuiwa. Na lina sifa ambayo viungo vingi havina: linajijenga upya. Sehemu kubwa yake inaweza kuharibika, na iliyobaki ikakua na kushika kazi, mradi halijajaa makovu. Sasa niambieni, linajijenga kwa nini? Kwa uji mwepesi? Linajijenga kwa protini, na kwa nguvu ya chakula cha kutosha.

Tufanye hesabu ndogo. Mbwa wa kilo 20, akiwa amelala tu, hafanyi lolote, mwili wake unachoma kalori kama 660 kwa siku. Huyo ni wa kulala tu. Anayetembea na kupambana na ugonjwa anahitaji zaidi. Bakuli la uji mwepesi lina ngapi? Mia moja, pengine na kidogo. Mabakuli mawili kwa siku, wiki baada ya wiki! Pengo hilo atalijaza na nini?

Nitawaambia alivyolijaza mbwa mmoja wa Mikindani. Alikuwa dume mkubwa, macho yamekuwa manjano, ufizi manjano. Jirani alimwambia mwenyewe kwamba nyama ni sumu kwa ini, na mwenyewe akatii kwa moyo mweupe. Alipoletwa kwangu nilipitisha kidole mgongoni, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na nikahisi pingili moja baada ya nyingine, hakuna kinachozifunika. Mapaja yalikuwa yamebaki ngozi. Alikuwa amekula misuli yake mwenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: misuli ndiyo msaidizi wa ini. Ini likishindwa kusafisha damu, misuli huchukua sehemu ya kazi hiyo. Ukimnyima mbwa protini mpaka misuli ikayeyuka, umemwondolea ini msaidizi wake siku ile ile anapomhitaji.

Yule hatukumjaza chakula kwa siku moja, maana mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa ghafla anaweza kufa. Tulianza na wali laini na yai la kuchemsha, kidogo kidogo, tukipandisha kila siku. Dawa alipewa pia. Lakini mimi nilijua anarudi siku mwenyewe aliponipigia simu kulalamika kwamba mbwa anawabwekea tena watu wa mikokoteni ya maji.

Najua mtaniuliza: daktari, je, nyama haina shida kabisa? Ina shida kwa baadhi yao, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Protini ikivunjwa tumboni, hutoka kitu kinachoitwa amonia. Ini zima huichukua na kuigeuza yurea, ikatoka na mkojo. Ini likizidiwa, au damu ikipita pembeni bila kupitia kwenye ini, amonia hupanda hadi kwenye ubongo. Utamwona mbwa baada ya kula anazunguka zunguka, anadondokwa na mate, anapotea katika uwanja aliozaliwa. Wengine husimama na kukandamiza paji la uso ukutani, wasiondoke.

Kule Kisauni kulikuwa na jike mmoja wa kulinda geti. Chakula chake kilikuwa matumbo na damu kutoka buchani. Jioni akishakula, huenda getini, huweka paji la uso kwenye chuma, akabaki hapo. Watoto wakawa wanamkimbia. Majirani wakasema ana jini, wengine wakasema ni kichaa cha mbwa, na wapo waliotaka apigwe mawe. Aliyemwokoa ni bawabu. Kijana huyu alikuwa na daftari la geti, lile la kuandika namba za magari na saa. Pembeni ya namba za magari akaanza kuandika: leo matumbo, amesimama getini. Leo wali na maziwa lala, hajasimama. Leo matumbo, amesimama. Akaniletea lile daftari, kurasa zimelowa jasho, na akaniambia, "Daktari, mimi sijasoma mambo ya wanyama, lakini naona ni chakula." Na kweli, kilikuwa chakula. Vipimo vya damu vilithibitisha tu yale ambayo kijana yule alikuwa ameshayaandika kwa kalamu.

Je, tulimwondolea protini? Hapana! Tulimbadilishia. Tuliacha matumbo, tukaacha damu, tukapunguza nyama nyekundu. Badala yake yakaingia mayai, maziwa lala kidogo kidogo tukitazama kama anaharisha, na pojo zilizochemshwa mpaka zikapondeka. Protini ya maziwa, mayai na mimea huvumiliwa vizuri zaidi na mbwa wa namna hii. Tukaongeza na laktulosi, ile dawa tamu ya maji inayozuia amonia isifyonzwe kutoka matumboni. Hiyo hupimwa na daktari, msijipimie wenyewe.

Lakini jamani, mbwa yeyote anayefanya mambo yasiyo ya kawaida, hasa asiyechanjwa, usimtie mkono mdomoni, usimlazimishe kunywa wala kula. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini kwetu na kinaua watu. Mfungie mahali salama, mwite daktari, ndipo tuanze kuzungumza habari za ini.

Tuje kwenye maini. Nani hapa ameshaambiwa kwamba mgonjwa wa ini apewe ini? Naona mikono. Mingi! Kuna mama mmoja, mtu mwenye huruma sana, alikuwa akienda Marikiti kumnunulia Labrador wake maini ya ng'ombe, akimchemshia bila chumvi, akimlisha kwa mkono. Mbwa akawa anazidi kuchakaa. Ini la ng'ombe limejaa madini ya shaba. Ini la mbwa likiwa zima, shaba ya ziada hutolewa kupitia nyongo. Likiwa gonjwa, shaba hubaki humo humo, ikalichoma zaidi. Na zipo koo za mbwa zinazojulikana kurithi udhaifu huu: Bedlington Terrier, Labrador, Doberman, Dalmatian, West Highland White Terrier. Labrador ni wengi sana Nyali, kwa hiyo wenye nao wasikie.

Basi maini yaondoke. Sisi watu wa pwani tuna mengine ya kuyaangalia: pweza, kaa, kamba, chaza na korosho vyote vina shaba nyingi. Mabaki ya pweza uliyompikia mgeni usimmwagie mbwa mwenye ini bovu. Samaki mweupe kama changu, aliyechemshwa na kutolewa miiba yote, hana neno.

Sasa nafika kwenye lililonileta hasa. Mahindi.

Mbwa wa Mombasa wanakula ugali. Sina ugomvi na ugali. Ugomvi wangu ni na lile gunia linaloitwa mahindi ya mbwa. Mnalijua. Mahindi yaliyokataliwa na mnunuzi wa kwanza, yakakataliwa na wa pili, yamepata rangi ya kijivu, yananuka uvundo, kisha muuzaji anasema, "Haya ni ya mbwa, nitakufanyia bei nzuri." Kwani mbwa ana ini la chuma?

Kuvu wanaoota kwenye mahindi na njugu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, wengine huiita sumukuvu. Sumu hii shabaha yake ya kwanza ni ini. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na maeneo jirani watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafa. Hao ni binadamu, wenzetu, waliokula ugali wa nyumbani kwao. Na kabla ya hapo, miaka ya 1970 ikielekea mwisho, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret, na hapa hapa Mombasa, kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Sheria yetu inasema mahindi ya kuliwa na mtu yasizidi sehemu 10 za sumu hii katika sehemu bilioni moja. Bilioni! Ni kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, hakina harufu, hakina ladha. Na hakifi kwa moto wa jiko. Ukisonga ugali wa mahindi hayo saa nzima, umepika sumu ya moto.

Uwanja mmoja huko Mtwapa ulikuwa na mbwa watatu. Wakati wa masika gunia liliwekwa kwenye stoo, juu ya sakafu ya saruji, limeegemea ukuta. Kwa hewa yetu hii ya pwani, saruji inavuta unyevu kutoka chini, gunia linaunyonya, na joto linafanya kazi iliyobaki. Juu mahindi yalikuwa meupe, mazuri. Nilipoingiza mkono mpaka chini ya gunia nilitoka na punje zilizoshikamana, za kijani kijivu, na vumbi lake likanikaba koo. Mbwa wa kwanza alikufa kabla sijaitwa. Wa pili alikuwa anatapika damu, hatukuweza kumrudisha. Wa tatu alipona. Mnajua kwa nini? Alikuwa mchaguzi, ugali aliuacha, alikuwa anasubiri mabaki ya mezani.

Nimekuja na chupa hii. Mnaoisoma hotuba hii mnaweza kuifanya nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu vijiko vichache, tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa, iache kwa dakika chache, tikisa tena. Hebu tazameni. Mnaiona chumvi ilivyoganda kwenye kioo? Mahindi haya yana unyevu mwingi, hayafai kuwekwa. Mahindi makavu, chumvi huanguka chini yote, kioo kinabaki safi. Chupa hii haipimi sumu, inapima unyevu, na unyevu ndio mlango wa kuvu. Haya niliyotia humu nimeyanunua wiki hii, na yanauzwa kwa ajili ya mbwa na kuku.

Fanyeni hivi. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse ukuta, nunueni kidogo kidogo wakati wa masika. Punje yenye ukungu, iliyovunjika, iliyobadilika rangi, itupwe, na asipewe kuku. Njugu na mashudu yake, vivyo hivyo. Biskuti kavu za mbwa za dukani nazo hazikusalimika. Huko Marekani zimewahi kuondolewa madukani kwa sababu ya sumu hii hii. Ukifungua mfuko, ufunge vizuri, uweke pakavu. Na mbwa ambaye tayari ini lake ni bovu, nawasihi, mahindi yaacheni kabisa. Mpeni wali. Mchele mweupe uliopikwa ukalainika ni chakula chepesi, ini halihangaiki nao.

Chumvi nitaisema kwa ufupi, lakini ishikeni. Mbwa wa ini akianza kujaa maji tumboni, tumbo limetuna na mgongo umekonda, chumvi ni adui. Ng'onda aondoke, papa mkavu aondoke, mchuzi wa mezani uondoke. Na kuna kitu tunachokisahau kwa kuwa tumekizoea: maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na vya ufukweni vina maji ya chumvi. Mfereji ukikatika, binadamu ananunua maji matamu kwenye mtungi, mbwa anachotewa ya kisima. Mbwa mwenye maji tumboni mgawie yale matamu unayokunywa wewe.

Mabaki ya pilau na biriani je? Yana vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa hata mzima. Paracetamoli usimpe kamwe. Inaweza kulimaliza ini lake. Peremende na jojo zisizo na sukari, zenye zailitoli, ni sumu kwake. Na wenye bustani, angalieni mtapo, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi na wengi wanaupanda kwa urembo. Mbegu zake zikitafunwa na mbwa zinaua ini kwa siku chache tu.

Sasa sufuria yenyewe. Kwa mbwa wa kilo 20 asiye na dalili zile za ubongo, mimi huanza na vikombe viwili na nusu vya wali uliokwisha kupikwa, mayai mawili ya kuchemsha, nyama ya kuku isiyo na ngozi kiasi cha kiganja, kipande cha boga au karoti iliyolainika, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Ndiyo, mafuta! Mbwa wengi wa ini huyavumilia, isipokuwa wenye shida ya kongosho au nyongo iliyoziba. Hicho ni chakula cha siku nzima. Kisha nampima uzito kila wiki, naongeza au napunguza. Sufuria hii peke yake haitoshi kwa miezi: haina kalsiamu ya kutosha wala vitamini zote, kwa hiyo mwulizeni daktari wenu cha kuongeza kabla mwezi haujaisha.

Na kigawanyeni. Msimpe mara moja jioni kama mlivyozoea kwa mbwa wa ulinzi. Mara nne, mara tano, mara sita kidogo kidogo. Kwa nini? Ini zima huweka akiba ya sukari ya kumvusha mbwa usiku. Ini gonjwa halina akiba. Alfajiri unamkuta anatetemeka, miguu haina nguvu, unadhani ni baridi. Mombasa kuna baridi gani ya kumtetemesha mbwa? Ni sukari imeshuka. Mlo wa saa nne usiku, na mwingine mdogo saa tisa, unamfikisha asubuhi. Na nani yuko macho saa tisa usiku? Bawabu. Wenye nyumba mlioko hapa, acheni chakula hicho kwenye friji, kwenye vibakuli vilivyopimwa, na mwoneshe bawabu wako friji ilipo. Usimwachie sufuria mezani tangu mchana. Kwa joto letu wali unachacha kabla ya magharibi.

Akikataa kula, upashe moto kidogo, harufu itoke. Mlishe kwa kidole. Usimshindilie mdomoni, maana atakichukia chakula kile hata akipona. Asipogusa kitu siku nzima, mlete. Akitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, mlete saa hiyo hiyo. Macho yakigeuka manjano, mlete, na mnapombeba jihadharini na mkojo wake, kwa sababu homa ya mkojo wa panya, leptospirosisi, nayo hushambulia ini na huambukiza binadamu. Baada ya mafuriko tunaiona. Chanjo yake ipo, na chanjo ya homa ya ini ya mbwa ipo pia. Mkija na vyeti vya mbwa wenu baada ya hapa nitawaangalizia kama zimo.

Chupa na gunia nimeviacha hapa mbele. Mtu aliyekuja na mahindi yake ayalete tuyapime pamoja. Na maswali tuanze na mama aliye karibu na mlango, ameinua mkono tangu nilipotaja mayai.